Kutoka Nchiru Hadi Kwa Simu: Nani Sasa Anaongea?

Wasee, juzi nilikuwa fundi mitambo wa shangazi. Kazi yangu: kuweka bando, kushika simu iangalie uso wake, na kunyamaza. Sisi tuko Meru, mpatanishi yuko Embu, anko yuko Nairobi. Wanajadili shamba la marehemu babu kwa video.

Kabla mseme mila imekufa, turudi nyuma kidogo.

Huku kwetu, kesi ya shamba ilianza kwa wazee wa ukoo, na ikiwashinda inapanda hadi Njuri Ncheke, wenye makao yao Nchiru, Tigania. Mkikwama kabisa, kuna kiapo cha nthenge, yaani beberu. Kuapa uongo hapo ni kuita laana, na laana haichagui, inashika hadi watoto. Miaka ya 1930, DC H. E. Lambert aliona nguvu ya Njuri akaitumia kwa utawala wa mkoloni.

Katiba ya 2010, kifungu cha 159, ikaambia mahakama zikuze upatanishi na njia za kijadi, mradi zisivunje haki za watu. 2016, upatanishi wa mahakamani ukaanza Milimani, Nairobi, baadaye ukafika hadi Embu. Machi 2020, korona ikaingia. Mahakama zikapunguza shughuli na vikao vikahamia kwa skrini. Wengi walidhani ni ya muda tu.

Nakubali kuna kitu tumepoteza. Mtandao ulikatika mara mbili. Anko naye, kila akiulizwa swali, alikuwa anaangalia kando kwanza. Nani alikuwa anamnong'onezea? Hatujui. Barazani kijiji kizima kingemwona.

Lakini Njuri ni baraza la wanaume. Zamani shangazi angengoja mwanaume amsemee kuhusu shamba alilolima mwenyewe. Siku hiyo mpatanishi alimwambia, "Mama, anza wewe." Akaongea dakika 12. Anko alijaribu kumkatiza, kumbe maiki yake ilikuwa imezimwa. Tangu nizaliwe, sijawahi kumsikia shangazi akimaliza sentensi mbele yake.

Hawajaelewana bado, kuna kikao kingine. Mimi niliacha chuo, si wakili, siwezi kuwaambia nani atapata shamba. Najua tu kwamba shangazi hana simu janja, na bila mtu wa kumshikia, angerudi kusemewa tu.

Kama kwenu kuna mama kama huyo, mshikie simu. Halafu unyamaze.