Historia ya Tambara la Karakana

Sisi Wanyarwanda tunaiita nguo ya mtumba caguwa. Neno lenyewe ni la Kiswahili, "chagua", lililobadilika kidogo lilipoingia katika Kinyarwanda. Mtanzania na Mkenya husema mtumba, yaani mzigo uliofungwa. Jina letu linataja kitendo. Linamwonyesha mtu aliyeinama juu ya rundo akigeuza, akivuta, akinusa, akirudisha. Insha hii inahusu uchaguzi wa mwisho wa nguo hiyo, pale inapokuwa haivaliki tena na kuingia karakanani kufutia grisi na rangi. Hoja yangu ni kwamba tambara zuri halijawahi kuwa takataka. Ni zao la kazi yenye ujuzi wake, na kama kazi hiyo haionekani katika vitabu vyetu vya historia, ni kwa sababu walioifanya wengi walikuwa wanawake, na leo wengi wao ni wanagenzi wasiolipwa.

Mahali ambapo kazi hii imeandikwa vizuri zaidi ni viwanda vya karatasi vya Ulaya. Tangu karne ya 13, Fabriano nchini Italia, hadi katikati ya karne ya 19, karatasi ya Ulaya haikutengenezwa kwa miti. Ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, katani na baadaye pamba. Mwaka 1761 mwanasayansi Mfaransa Lalande alichapisha maelezo marefu ya ufundi huo, na sehemu inayonivutia ni ile ya chumba cha kuchambulia. Wanawake walikaa mbele ya meza au masanduku yenye kisu kirefu kilichosimamishwa wima. Kila tambara lilipitishwa kwenye kisu hicho: mshono ukakatwa, kifungo kikatolewa, sehemu nene ikatengwa na nyembamba. Kisha yakagawanywa kwa weupe na kwa uchakavu.

Hapo pa uchakavu panahitaji kuelezwa. Msomaji anaweza kudhani kwamba mchambuzi alitafuta tu kitambaa kisafi. Sivyo. Tambara jipya huchukua muda mrefu kuvunjika chini ya vinu. Lililochakaa huvunjika haraka. Ukiyachanganya, la zamani limekwisha kuwa uji na kuchukuliwa na maji kabla la jipya halijalegea. Kwa hiyo mwanamke yule alikuwa akipima kwa vidole umri wa kitambaa, jambo ambalo hakuna mashine ya wakati huo iliyoweza kulifanya, naye alikuwa miongoni mwa waliolipwa kidogo kuliko wote kiwandani.

Usafishaji wake pia ulikuwa na hatua. Matambara yaliloweshwa na kuachwa yavunde kwa majuma kadhaa, kisha yakapondwa huku maji yakipita. Ya rangi hayakufaa kwa karatasi nyeupe. Hali hiyo ilibadilika baada ya Scheele kugundua klorini mwaka 1774, na hasa baada ya Charles Tennant wa Scotland kupata hataza ya unga wa kupaushia mwaka 1799. Ghafla tambara la buluu nalo likawa mali. Uhaba wa malighafi hata hivyo haukuisha, kwani vitabu na magazeti viliongezeka kuliko mashati mabovu, na nchi kadhaa zilipiga marufuku kuuza matambara nje ya mipaka yao. Ni mashine ya Mjerumani Keller ya kusaga mbao, katika miaka ya 1840, iliyofungua njia ya kutoka.

Bei ya kazi hii ililipwa pia kwa mapafu. Matambara yalikusanywa mitaani bila kuulizwa yalifunika nini au yalimfunika nani, na wachambuzi waliugua ndui. Austria kulikuwa na ugonjwa ulioitwa kwa jina la matambara yenyewe. Wafanyakazi wa viwanda vya karatasi waliupata kifuani na kufa upesi. Mwishoni mwa karne ya 19 madaktari walitambua kwamba ni kimeta, ugonjwa tunaoujua sisi watoto wa wafugaji kwa sababu huua ng'ombe.

Wakati huohuo, Batley na Dewsbury, miji miwili ya Yorkshire nchini Uingereza, ilikuwa imejengwa juu ya matambara ya sufu. Benjamin Law wa Batley, karibu mwaka 1813, alipata njia ya kuyachana yakarudi kuwa nyuzi na kufumwa upya pamoja na sufu mpya. Mashine ya kuchana iliitwa "shetani" kwa sababu ya meno yake, na vumbi lake lilikuwa na homa yake. Lakini kabla ya shetani kulikuwa na mchambuzi, akitenganisha rangi na rangi, akitoa mishono. Mishono hiyo haikutupwa. Ilipelekwa mashambani Kent ikawa mbolea.

Karakana ya mashine ilikuja kudai tambara la aina nyingine. Injini inataka mafuta kila siku, na penye mafuta pana kufuta. Viwanda vya nyuzi viliuza mabaki ya pamba kwa kazi hiyo, na wafanyabiashara wa nguo kuukuu wakaona soko. Nchini Marekani chama chao kilianzishwa mwaka 1932, na kwa muda mrefu kilibeba jina la watengenezaji wa vitambaa vya kufutia. Leo kinajulikana kwa kifupi kama SMART. Kwa makadirio ya chama hicho, katika nguo kuukuu zinazopita mikononi mwa wanachama wake, asilimia 45 huuzwa zivaliwe tena na asilimia 30 hukatwa kuwa vitambaa vya kufutia.

Wasomaji wenzangu wa Kigali watalikumbuka jina hilo kwa sababu nyingine. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mtumba hatua kwa hatua, na Rwanda ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2017 SMART ndiyo iliyolalamika kwa serikali ya Marekani. Kenya ilijitoa mapema. Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafasi ya nguo zetu kuingia huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Mjadala wa wakati ule ulihusu heshima, viwanda na ajira, na ulistahili. Sikuona mahali popote palipoulizwa fundi atafutia nini. Kilo ya ushuru haiulizi kama fulana itavaliwa mwaka mzima au itakatwa kesho.

Na fundi ana tatizo jingine, la zamani kuliko ushuru. Mwaka 1941 Whinfield na Dickson, Waingereza wawili wa Manchester, walivumbua nyuzi za poliesta. Mwanzoni mwa karne hii poliesta iliipita pamba katika matumizi ya dunia. Nguo inayoingia kwenye rundo leo, iwe ya mtumba au mpya ya bei nafuu, mara nyingi ni poliesta tupu au mchanganyiko, na poliesta haifuti. Inasukuma mafuta kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukiigusisha na bomba la moshi lenye joto inayeyuka na kuganda hapo.

Ndiyo maana ujuzi wa yule mwanamke wa meza ya kisu umerudi. Nyamirambo, mtaa wa Kigali ambako Kiswahili kimezungumzwa tangu enzi ya ukoloni, nimewatazama vijana wa gereji wakifanya majaribio mawili ambayo hakuna aliyewafundisha darasani. La kwanza ni tone la maji: likinywewa mara moja, ni pamba, likikaa juu kama jicho, kiweke kando. La pili ni kiberiti. Uzi wa pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Wa poliesta hujikunja na kuacha punje nyeusi ngumu. (Jaribio la pili lifanyike nje, mbali na petroli, ingawa sikuona wengi wakijali.) Fulana kuukuu ya pamba ndiyo mfalme, kwa sababu inanyonya na haiachi manyoya mengi. Shuka iliyofuliwa miaka kumi inafaa kwa vioo na kwa rangi. Taulo hunywa maji mengi lakini huacha vinyweleo. Jinzi ni ya kazi ngumu, kusugua kutu. Kitambaa kipya cha dukani, ambacho mgeni angedhani ni bora, bado kina wanga wa kiwandani na hakinyonyi mpaka kifuliwe mara kadhaa. Vifungo, zipu na mishono minene hukatwa, kama alivyoeleza Lalande, ila sababu si ileile: siku hizi tunaogopa kukwaruza rangi ya gari.

Kuhusu kufua, kanuni yangu ni kwamba si kila tambara linastahili sabuni. Lililofutia vipande vya chuma halifuliwi. Chembe hujificha kwenye nyuzi na zitakwaruza kesho. Lenye petroli au rangi ya mafuta halipelekwi nyumbani. Linalobaki hukung'utwa, likakwanguliwa grisi kwa kijiti, likaloweshwa usiku kucha katika maji ya moto yenye sabuni ya unga na magadi, kisha likafuliwa katika beseni lake lisilotumika kwa nguo za watoto. Dawa ya kulainisha nguo isitiwe, kwa kuwa huacha utando unaozuia kunyonya, na utando huo ukihamia kwenye mbao au bati, rangi mpya hukataa kushika. Maji machafu ya beseni ndiyo sehemu isiyo na jibu zuri: Kigali ni vilima, na kinachomwagwa juu hushuka hadi mto Nyabugogo.

Mjomba wangu ni seremala, na karakana yake ni banda nyuma ya nyumba. Yeye hahangaiki na grisi bali na mafuta ya kitani anayopaka mezani na milangoni. Mafuta haya hayakauki kwa kuyeyukia hewani kama maji. Hukauka kwa kushika oksijeni, na tendo hilo hutoa joto. Juu ya ubao joto hupotea. Ndani ya tambara lililokunjwa na kutupwa kwenye rundo halina pa kwenda, linapanda, na baada ya saa kadhaa tambara linawaka lenyewe bila kiberiti wala cheche. Oili ya injini haifanyi hivyo, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu fundi aliyezoea gereji huyaona matambara yote kuwa sawa.

Tarehe 23 Februari 1991, huko Philadelphia, wafanyakazi waliokuwa wakirekebisha mbao za ukutani katika jengo la One Meridian Plaza, lenye ghorofa 38, waliacha matambara yenye mafuta ya kitani kwenye ghorofa ya 22. Moto ulianza usiku huo. Uliwaka kwa saa 19 hivi, wazimamoto 3 wakafa humo, na ulizuiwa ulipofika ghorofa ya 30, ambako kulikuwa na mabomba ya kunyunyizia maji darini. Jengo halikutumika tena, na mwaka 1999 lilikuwa limebomolewa.

Mjomba hajawahi kusikia habari za Philadelphia nilipomsimulia. Lakini bandani kwake hakuna rundo. Jioni, kabla ya kufunga, hutoa kila tambara lililogusa mafuta, hulitandaza peke yake kwenye waya uliofungwa kati ya mparachichi na ukuta, na mvua ikitishia huyatumbukiza yote katika ndoo ya maji. Nilipomuuliza nani alimfundisha, alinitajia bwana wake wa zamani wa Bujumbura, ambaye alimkata mshahara wa siku kila alipokuta tambara limekunjwa.