Jembe Ndani ya Chupa

Malipo yangu ya kwanza ya uandishi hayakutoka kwenye gazeti. Yalitoka kwenye baa moja ya Geita. Mwenye baa alikuwa ameleta mvinyo wa zabibu za Dodoma, wa bei poa, lakini katoni zimelala tu. Akasikia kuna kijana wa Shinyanga, kamaliza fomu foo, anaandika riwaya.

"Mdogo wangu, niandikie maneno hapo ukutani, wachimbaji wanywe."

Nikahangaika siku mbili na utamu, zabibu, jua la Dodoma. Hola! Mtu katoka duarani na vumbi hadi kwenye kope, zabibu zinamhusu nini?

Ndipo nilipoitazama vizuri chupa ya Balimi. Balimi, kwa Kisukuma, ni wakulima. Hebu fikiri, msomaji: bia inanywewa na wachimba dhahabu, jina lake wakulima!

Miaka ya 1980 bia ilitafutwa kwa tochi. Kiwanda kilikuwa mikononi mwa Serikali, na bidhaa ya foleni haina haja ya kubembeleza mtu. Mwaka 1993 Tanzania Breweries ikaingia ubia na Waafrika Kusini, ushindani ukaja, mnywaji akaanza kuitwa kwa jina lake. Kanda ya Ziwa akaitwa mkulima. Yakaandaliwa hata mashindano ya ngoma za asili ya Balimi, bugobogobo ikachezwa na majembe yake mbele ya mabango ya bia. Tangu enzi za Bagika na Bagalu Wasukuma wanajua kunyang'anyana watazamaji kwa ngoma na nyimbo. Kampuni ilikuta uwanja umeshafagiliwa.

Na jina lenyewe linachoma. Baba yangu alilima pamba Kishapu mpaka bei ikamchosha. Sisi wanawe tukakimbilia dhahabu. Ukiniita mkulima nikiwa Geita, umenishika pabaya.

Kiroba nacho ni neno la ghalani, kifuko cha unga. Watu wakaliazima kuita vile vipakiti vya pombe kali. Hivyo havikutaka bango: bei ya chenji, unararua kwa meno, unaendelea na kazi. Kaka yangu alizama humo. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza marufuku akiwa Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanaiti, ikaanza Machi 1. Viroba vikaondoka. Kiu ya kaka ikabaki.

Yote hayo niliyajua niliposhika brashi. Nikaandika kwa rangi nyekundu: UMEVUNA? KARIBU NYUMBANI.

Mvinyo sikuutaja kabisa. Katoni zikaisha, mwenye baa akanilipa na kuniongezea sahani ya nyama.

Jioni moja nikamkuta kaka amekaa chini ya maneno yale, glasi mkononi, anayasoma taratibu.

"Dogo, nani kaandika haya?"

Nikamwambia ni fundi rangi mmoja, simjui.