Jeshi Lililotembea Pekupeku

Fundi wa viatu twamjua sote. Huketi penye kivuli, mbele yake kisanduku cha misumari, na watu humkabidhi kiatu pasipo hata kumtazama usoni. Leo twapenda kuzungumza juu ya mafundi wa kazi hiyo, ila si wa kwetu. Ni wa Marekani, katika vita vya kujitenga na Uingereza vilivyoanza mwaka 1775.

Vitabu vya shule vikieleza vita hivyo hutaja majemadari, mizinga na baruti. Viatu havitajwi sana. Mtume Paulo lakini, alipowaandikia Waefeso habari za silaha, hakuiacha miguu bila kuvikwa. Twadhani alikuwa amewatazama sana askari wa Kirumi waliomlinda.

Usiku wa Krismasi mwaka 1776, Jemadari George Washington aliwavusha watu wapatao 2,400 katika mto Delaware, barafu ikielea majini, wakatembea mpaka asubuhi kuushambulia mji wa Trenton. Ofisa mmoja, James Wilkinson, aliyekuwa akilifuata jeshi kuelekea kivukoni, aliandika baadaye kwamba njia ilionekana kwa alama za damu juu ya theluji. Damu hiyo haikumwagwa na adui. Ilitoka katika miguu ya watu ambao viatu vyao vilikuwa vimechanika.

Walishinda siku ile, lakini ushindi hauzai viatu. Mwezi wa Septemba 1777 Washington aliliarifu Baraza la Taifa kwamba watu wasiopungua elfu moja walikuwa wakifanya safari za vita pekupeku. Siku chache baadaye Waingereza wakautwaa mji wa Philadelphia, pamoja na maduka yake na karakana zake. Jeshi likaenda kupiga kambi Valley Forge, na tarehe 23 Desemba Jemadari akaandika tena. Safari hii hesabu ilikuwa watu 2,898 wasioweza kufanya kazi kwa kukosa viatu na nguo. Jeshi zima kambini lilikuwa na watu kama elfu kumi na mbili hivi. Basi pigeni hesabu wenyewe.

Hapa ndipo penye fumbo. Jeshi lile lilichinja ng'ombe kwa ajili ya nyama. Kila ng'ombe ana ngozi. Yawezekanaje basi watu wale nyama ya ng'ombe na kukosa viatu?

Ngozi mbichi si kiatu. Siku zile ngozi ililowekwa katika mashimo yenye maji ya magome ya mwaloni, na ngozi nene ya soli yaweza kukaa humo mwaka mzima au zaidi. Haiharakishwi, hata jemadari akitoa amri. Baada ya hapo huja fundi. Hukata, huvuta ngozi juu ya kalibu ya mti, hutoboa kwa chuma chenye ncha, hushona kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, tundu baada ya tundu. Fundi hodari alifanya jozi moja au mbili kwa siku. Kiatu chenyewe hakikuwa na kulia wala kushoto. Vyote viwili vilikatwa sawasawa, na askari wa Uingereza waliamriwa kuvibadilisha miguu ili visichakae upande mmoja. Ambaye amewahi kuvaa kiatu kipya cha kuazima atawahurumia.

Na fundi mwenyewe yuko wapi? Wengi walikuwa jeshini, wamebeba bunduki. Vijana wa miji midogo waliojua kushona viatu waliandikishwa pamoja na wakulima na maseremala, halafu wakubwa wakashangaa kwamba viatu havipatikani! Ikabidi maofisa waanze kuwatafuta mafundi ndani ya vikosi vyao wenyewe, wawatoe mstarini, wawape sindano badala ya bunduki. Mwaka 1777 Baraza liliweka pia msimamizi wa ngozi, azikusanye ngozi za ng'ombe waliochinjwa na kuzibadilisha kwa ngozi zilizokwisha kutengenezwa au kwa viatu. Shauri hilo lilikuwa jema. Lilikuja vita vikiwa katika mwaka wa tatu.

Mwezi wa Novemba, kabla hawajafika Valley Forge, Washington alikuwa amekwisha kutangaza zawadi ya dola kumi kwa yeyote atakayeonyesha kitu bora cha kuvaa badala ya viatu, kilichofanywa kwa ngozi mbichi. Sisi twaona tangazo hilo laeleza shida ile kuliko hotuba ndefu. Mkuu wa jeshi zima anawauliza watu wake jinsi ya kufunika nyayo!

Askari mmoja kijana, Joseph Plumb Martin, alijaribu. Alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 17. Alipata kipande cha ngozi mbichi ya ng'ombe akajishonea makubazi. Ngozi ilipokauka ikawa ngumu, kingo zake zikamchubua vifundo vya miguu hata kutembea kukawa mateso. Aliendelea kuyavaa, maana lililobaki lilikuwa kutembea juu ya ardhi iliyoganda na kuacha damu nyuma yake, kama wenzake.

Watu wapatao elfu mbili walikufa katika kambi ile, wengi kwa magonjwa. Bwana Lafayette, Mfaransa aliyekuwa pamoja nao, alikumbuka miguu iliyoganda ikawa myeusi, ikabidi ikatwe.

Mwezi wa Machi 1778 Jemadari Nathanael Greene alikabidhiwa kazi ya kusimamia mahitaji na uchukuzi. Mambo yakatengenea kidogo kidogo, na tarehe 19 Juni jeshi likaondoka Valley Forge kwa miguu. Siku tisa baadaye lilipigana na Waingereza huko Monmouth, katika joto kali, na Martin alikuwamo.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1818, serikali yao iliwakubalia askari wazee maskini malipo ya uzeeni, na Martin akapata dola nane kwa mwezi. Alipochapisha kumbukumbu zake mwaka 1830, akikaribia miaka sabini, alikuwa bado anayakumbuka makubazi yale na mahali yalipomchubua.