Maswali 23, yaliyosemwa 10: somo la Hilbert kwa anayeandaa mhadhara

Una dakika 15 kwenye kongamano, na tasnifu yako ina sura 6. Uguse kila sura kidogo kidogo, au uchague moja uichimbe mpaka chini? Kabla hujaanza kubana slaidi 40 ziingie humo, hebu turudi Paris, Agosti 1900.

Mwaka ule wanahisabati wa nchi mbalimbali walikutana kwa kongamano lao la kimataifa. Mjerumani David Hilbert, profesa wa Göttingen mwenye miaka 38, alikuwa amealikwa kutoa mhadhara. Aseme nini sasa? Mwezi Januari rafiki yake Hermann Minkowski alimshauri kwa barua azungumzie yajayo: matatizo ambayo karne mpya ingepaswa kuyatatua. Wazo tamu, lakini pana ajabu. Hilbert akasuasua. Juni ikafika hajamaliza, ratiba ikatoka bila mhadhara wake. Ndiyo maana tarehe 8 Agosti hakuzungumza kwenye kikao cha wote, bali kwenye kikao cha vitengo vya historia na ufundishaji.

Angalia alichofanya. Kwenye karatasi alikuwa na matatizo 23: ya namba, ya jiometri, ya aljebra, hata ya misingi ya fizikia. Mdomoni alitaja 10 tu. Tena hakuanza na orodha. Kwanza alieleza tatizo zuri lina sifa gani: lieleweke wazi, liwe gumu kiasi cha kuvutia, lakini si gumu kiasi cha kukatisha tamaa. Akatoa mifano ambayo wengi waliijua, ukiwemo wa Fermat. Kwa hiyo hata msikilizaji wa fani nyingine alikuwa na kitu cha kushikilia kabla mambo hayajawa mazito.

Je, yale 13 aliyoyaacha yalipotea? Wala! Orodha nzima ilichapishwa Göttingen mwaka uleule. Tatizo la 3 halikusemwa ukumbini: ukiwa na piramidi mbili za pembetatu zenye vitako na vimo sawa, je, unaweza kila mara kuikata moja vipande ukaijenga nyingine? Max Dehn, mwanafunzi wa Hilbert mwenyewe, alionyesha mapema kabisa kwamba haiwezekani. La 10 nalo halikusemwa: je, ipo njia moja ya kutambua kama mlinganyo wowote wa namba kamili una jibu la namba kamili? Mwaka 1970 Yuri Matiyasevich, akikamilisha kazi ya Martin Davis, Hilary Putnam na Julia Robinson, alithibitisha kwamba njia hiyo haipo.

Usidhani ukumbi ulilipuka siku ile. Majadiliano yaliyofuata yalikuwa ya kuzorota tu. Charlotte Angas Scott, mwanahisabati Mwingereza aliyefundisha Marekani, aliandika ripoti ya kongamano hilo na kulalamika kwamba uwasilishaji kwa jumla ulikuwa mbovu: watu wanajisomea karatasi zao kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Unawajua watu wa aina hiyo, sivyo?

Hapo ndipo penye somo. Upana una mahali pake, nako ni kwenye maandishi, ambako msomaji anaweza kusimama, kurudi nyuma, kuruka kurasa. Msikilizaji hana nafasi hiyo. Sentensi ikimpita, imempita. Mshika mbili moja humponyoka, na kwenye mhadhara anayeponyokwa ni yeye, si wewe.

Basi ukikaa na sura zako 6, tumia dakika za mwanzo kumwonyesha mtu wa fani nyingine kwa nini swali lako ni swali. Kisha chagua tokeo moja, ulifuate hatua kwa hatua mpaka aone linavyofanya kazi. Zile sura 5 ziweke kwenye makala, pamoja na slaidi mbili tatu za akiba kwa atakayeuliza. Atakayevutiwa atazitafuta mwenyewe.

Wewe ungeacha sura ipi?