Taa ya Rangi ya Chungwa

Niliiona ile taa siku ya Jumanne. Ilikuwa imewaka rangi ya chungwa kwenye diski ya tatu, katika chumba cha seva cha Sacco moja ambako nilikuwa nimefanya kazi miezi saba. Nikaangalia mfumo: unafanya kazi. Wanachama wanaweka pesa, wanachukua mikopo, hakuna anayelalamika. Basi nikafunga mlango nikaenda zangu kula.

Ili uelewe kosa langu, inabidi turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1956 IBM ilitangaza RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ngumu. Ndani ya kabati lake kulikuwa na sahani 50 zinazozunguka, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24. Lilikuwa na uzito wa karibu tani moja na lilibeba herufi milioni 5 tu. Picha moja uliyopiga jana kwa simu huenda isitoshee humo.

Kwa miaka 30 iliyofuata, kampuni kubwa zilipotaka nafasi zaidi zilinunua diski kubwa zaidi na ghali zaidi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, IBM 3380 ilibeba gigabaiti 7.5, na ilikuwa na ukubwa wa friji. Lakini kompyuta za mezani zilikuwa zimeleta soko lingine, la diski ndogo za bei nafuu. Moja yao, CP3100 ya Conner Peripherals, ilibeba megabaiti 100 na ungeishika kwa mkono mmoja.

Pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz walipiga hesabu. Diski ndogo 75 zingebeba sawa na lile friji. Zikifanya kazi pamoja, zingesoma na kuandika kwa kasi zaidi, tena kwa gharama ndogo.

Shida ilikuwa kifo. Diski moja ilikadiriwa kudumu saa 30,000 kwa wastani, yaani zaidi ya miaka 3. Sawa. Lakini ukiziweka 100 pamoja, tarajia moja ife kila baada ya saa 300. Hizo hata wiki mbili hazifiki.

Kwenye makala yao ya mwaka 1988, hawakujaribu kutengeneza diski isiyokufa. Walichukulia kwamba zitakufa, kisha wakauliza: tupange nini mapema ili ikifa moja, data isiende nayo? Mpango huo wakauita RAID, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya safu ya diski za bei nafuu zenye ziada ya akiba. Vipande vya wazo hilo vilikuwepo tayari. Norman Ken Ouchi wa IBM alikuwa amepata hataza mwaka 1978 kwa njia ya kurejesha data ya kifaa kilichoharibika. Watu wa Berkeley walilipa wazo jina, wakalipanga kwa ngazi, na wakaonyesha hesabu yake. Baadaye makampuni yalianza kuuza mifumo hiyo kwa bei ya juu, na lile neno la bei nafuu likabadilishwa kimyakimya kuwa diski zinazojitegemea.

Siri yenyewe ni hesabu ya chama. Tuseme mko watatu, na mweka hazina ameandika jumla: shilingi 900. Karatasi ya mmoja wenu ikipotea, si tatizo. Wa kwanza alitoa 400, wa pili 200, kwa hiyo wa tatu alitoa 300. Ile jumla ndiyo inayoitwa pariti. Kwenye RAID 5, pariti husambazwa katika diski zote, na kundi huvumilia kifo cha diski moja. Zikipotea karatasi mbili, jumla haikusaidii tena. RAID 1 huandika kila kitu mara mbili, na unalipia kwa nusu ya nafasi yako. RAID 6, iliyokuja baadaye, huweka pariti mbili, kwa hiyo huvumilia vifo viwili.

Kundi letu lilikuwa na diski nane, na mimi ndiye niliyelipanga. Nilichagua RAID 5 kwa sababu RAID 6 ingetunyima nafasi ya diski moja zaidi. Spea sikuweka, kwa sababu hiyo hiyo. Nilijiona mjanja.

Ijumaa jioni mkuu wangu aliingia pale chumbani.

"Kijana, hii taa imewaka tangu lini?"

"Tangu Jumanne, mzee."

Hakusema kitu. Alitoa diski mbovu, akaweka mpya, na kazi ya kujenga upya ikaanza. Kumbe kazi hiyo ndiyo saa ya hatari. Ili kukokotoa kilichopotea, mashine husoma diski zote zilizobaki, mwanzo hadi mwisho, kwa saa nyingi. Zetu zilinunuliwa siku moja, zikazeeka pamoja. Saa nane usiku, ya sita nayo ikafa.

Nakala ya mwisho iliyohifadhiwa nje ya mashine ilikuwa ya miezi minne nyuma. Mimi nilidhani RAID inatosha. Haitoshi, inakununulia muda tu, na wangu niliutumia kula chapo.

Makarani walikaa wiki sita wakiingiza upya karatasi zilizokuwepo. Asubuhi moja alikuja mama mmoja mzee. Kwenye rekodi zilizobaki, mkopo wake ulionekana haujalipwa kwa miezi minne.

"Shosho, una risiti?" nikamuuliza, nikiona aibu.

"Niko nazo zote, mwanangu."

Akafungua mfuko wa karatasi uliofungwa kwa mpira. Risiti zote zilikuwemo, zimepangwa kwa tarehe. Akanieleza kwamba nakala nyingine ziko kwa binti yake, Nakuru, maana nyumba inaweza kuungua.

Wiki hiyo nililipanga kundi upya: RAID 6, diski moja ya spea, na nakala ya kila usiku inayohifadhiwa jengo lingine.