Swichi Inayolisha Wi-Fi na Deni Lake kwa Simu ya Mezani

Enzi za simu za mezani, TANESCO walipokata umeme, simu iliendelea kulia gizani. Umeme wake haukutoka nyumbani. Ulitoka kwenye betri za kituo cha simu, volti 48 hivi, ukisafiri katika waya uleule uliobeba sauti. Anayetafuta leo swichi ya kulisha vifaa vya Wi-Fi vilivyofungwa darini ananunua wazo hilohilo.

Kompyuta zilichelewa kulipokea. Etherneti, iliyobuniwa na Robert Metcalfe na David Boggs katika maabara ya Xerox PARC huko California mwaka 1973, ilikusudiwa kubeba data. Mwaka 1990 kiwango cha 10BASE-T kiliihamishia kwenye nyaya za jozi zilizosokotwa, ndugu wa zile za simu, na kutumia jozi mbili tu. Kebo yenye jozi nne ikabaki na mbili zisizo na kazi.

Waliotaka kebo hiyo ibebe pia umeme ni watu wa simu. Ofisi zilipoanza kupitisha sauti kwenye mtandao wa kompyuta, kila simu ilidai adapta na soketi yake, na umeme ulipokatika ilizimika. Hapo teknolojia mpya ilikuwa imerudi nyuma ya ile ya babu. Mwaka 2000 Cisco ikatoa swichi zinazolisha simu zake kwa kebo ya mtandao, kwa utaratibu wake yenyewe. Lugha moja ilipatikana mwaka 2003, taasisi ya wahandisi ya IEEE ilipopitisha kiwango cha 802.3af.

Uzuri wake ni tahadhari. Swichi haimwagi umeme ovyo: hutuma kwanza volti chache na kutafuta ukinzani wa karibu omu 25,000. Ikiukosa, haifungulii, na kompyuta ya kawaida iliyochomekwa hapo haidhuriki. Vifaa vingi vya bei nafuu vinavyolisha kwa volti 24 havina adabu hiyo. Umeme unapita tu, awe nani upande wa pili.

Kiwango cha 802.3af kilitoa wati 15.4 kwa kila tundu, na 12.95 za uhakika mwisho wa kebo ya mita 100. Zilizobaki hupotea njiani kama joto. Zilizofika zilitosha kwa simu. Wi-Fi ilipoongeza antena na masafa, hazikutosha: mwaka 2009 kikaja 802.3at cha wati 30, na mwaka 2018 802.3bt, kinachotumia jozi zote nne na kufikia wati 90.

Wauzaji hupenda kutaja wati za tundu moja. Mnunuzi aulize jumla. Swichi ya matundu manane yenye bajeti ya wati 60 inabeba vifaa vinne vinavyokula wati 13 kila kimoja. Vikila 20, cha nne hakiwaki, hata kama matundu manne mengine yako wazi.

Swichi kuukuu za ofisini huvutia kwa bei na wati nyingi. Zilitengenezwa kukaa kwenye chumba cha mitambo, na feni zake hazikuwahi kufikiria mtu aliyelala chumba cha pili. Kwa nyumba yenye vifaa vitatu au vinne, swichi ndogo ya 802.3at isiyo na feni inatosha kabisa.