Redio haitupwi: vifaa vikuukuu vya Nsemulwa vimetoka mbali

Reli ya Kaliua hadi Mpanda, yenye urefu wa kilometa 210 hivi, haikujengwa kwa ajili ya abiria. Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya madini ya risasi yaliyochimbwa Mukwamba, jirani na Mpanda, na kampuni ya Uruwira Minerals. Miaka ya 1960 ilipoanza, uchimbaji ulikuwa umekwisha. Reli ikabaki, na treni ikawa njia kuu ya kufikisha Mpanda vitu vya dukani: sukari, sabuni, mabati na, kwa mkulima aliyeuza tumbaku au mahindi yake vizuri, redio.

Leo, katika kata ya Nsemulwa mjini Mpanda kama ilivyo katika kata nyingine nyingi za nchi hii, si ajabu kuikuta redio isiyotoa sauti juu ya kabati, runinga ya chogo iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi, na kopo lenye simu za kitochi tatu nne zilizokufa. Mgeni husema haraka kwamba wenyeji wanatunza kumbukumbu. Kumbukumbu imo, lakini ilikuja mwishoni. Kilichotangulia ni bei.

Redio ya miaka ya 1960 na 1970 ilinunuliwa kwa msimu mzima. Mavuno yakiuzwa, familia ilipiga hesabu: baiskeli, cherehani au redio. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam kilichotengeneza redio na betri za National, na Philips nao walikuwa Arusha. Kitu kilichogharimu jasho la mwaka hakikutupwa kwa sababu waya mmoja umekatika. Kilipelekwa kwa fundi, kikarudi, kikaharibika tena, kikapelekwa tena.

Tena redio ile ilikuwa na wenyewe wengi. Radio Tanzania Dar es Salaam ilichukua jina hilo Julai 1, 1965, ikirithi utangazaji ulioanza mwaka 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1973 Serikali iliitumia kuendesha kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi nchi nzima, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Novemba 1978 ilikuwa ni redio tena iliyoleta sauti ya Mwalimu Nyerere akitangaza vita dhidi ya Idi Amin. Na kwa waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakapewa makazi Katumba, jirani na Mpanda, mawimbi mafupi yalikuwa uzi wa kuwaunganisha na nyumbani. Mwenye redio alikuwa mlinzi tu wa mali ya mtaa. Angeanzaje kuitupa?

Wala haikuwa na mshindani. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na runinga Bara, wakati Zanzibar tayari ilikuwa na kituo chake cha runinga, cha rangi, tangu mwaka 1973. Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo vya runinga vilipoanza kurusha matangazo. Miaka ishirini ya kusikiliza bila kutazama si mchezo.

Kisha zikaja shida za baada ya vita. Fedha za kigeni zilikauka, betri zikawa adimu kama sukari, na hapo ndipo watu walipojifunza kubana uhai wa kifaa hadi tone la mwisho. Betri iliyochoka ilianikwa juani juu ya bati tangu asubuhi. Joto huamsha kemikali zilizolala ndani ya zinki na kaboni, na jioni ikapatikana taarifa ya habari nzima. Wengine waliitoboa kwa msumari wakadondoshea maji ya chumvi. Wajuzi zaidi waliacha kabisa kutegemea nafasi ya betri ndani ya redio: walipanga betri kuukuu sita au nane ndani ya bomba la karatasi ngumu, kichwa kwa kitako, wakazifunga kwa mpira wa baiskeli na kuvuta nyaya mbili hadi kwenye redio. Ukifungua kifuniko cha nyuma cha redio ya enzi hizo utaona ushahidi: springi zilizoliwa na kutu, na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara iliyokunjwa kuziba pengo.

Ujuzi huo haukufa haraka Mpanda, kwa sababu hata umeme ulipofika ulikuwa wa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya Taifa, na kwa miaka mingi mji uliishi kwa mgawo. Redio ya betri iliyoitwa ya kizamani kwingine, Mpanda ilikuwa kifaa cha akili.

Runinga za chogo ziliingia kwa wingi zaidi mwanzoni mwa karne hii, na hazikukaa sana kabla ya kuhukumiwa. Usiku wa Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata kwa zamu mwaka 2013. Wengi walidhani chogo limekwisha. Halikwisha: king'amuzi kilichochomekwa kwa nyaya nyekundu, nyeupe na za njano, au dishi kubwa uani, kikalirudisha kazini. Lililoliua baadaye ni runinga bapa kushuka bei. Kwenye kioo cha chogo kubwa mna risasi inayoweza kufikia kilo moja au zaidi, imewekwa humo kuzuia mionzi. Wilaya iliyowahi kuchimbiwa risasi ikabebwa kwa mabehewa, sasa imeletewa ya kwake sebuleni, na hakuna behewa la kuja kuichukua.

Simu zilipata hukumu yao Juni 2016. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia zote usiku mmoja. Mtandao ulikatika, lakini tochi iliwaka, redio iliimba, muziki kwenye kadi ulipigwa. Nani atupe kitu kinachofanya kazi tatu kati ya nne? Nadhani mwaka ule ndio uliofundisha kizazi cha simu kile ambacho wazee walikijua kwa redio: amri ya kusema kifaa kimekufa inaweza kutoka mbali, lakini mwenye kukiamini kimekufa ni wewe.

Kanuni za mwaka 2021 za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki zinataka vitu hivi vikusanywe na kushughulikiwa kwa utaratibu. Ni kanuni nzuri. Duniani kote mwaka 2022 zilizalishwa tani milioni 62 za taka hizo, na chini ya robo ndiyo iliyothibitika kurejelezwa rasmi. Lakini mtu hakikabidhi bure kitu ambacho fundi angekipa bei, na fundi wa Mpanda hununua kifaa kibovu kwa ajili ya spika, transfoma na swichi.

Kumbukumbu, basi, ilikuja na kaseti. Zilirekodiwa kwaya, harusi, na salamu za ndugu walio mbali, waliotuma kaseti badala ya barua. Waliosema mle ndani baadhi wamekwisha kufariki. Kanda yenyewe mara nyingi ni nzima. Tatizo ni ule mkanda mwembamba wa mpira unaozungusha gurudumu, ambao baada ya miaka huyeyuka ukawa kama lami. Dukani ni nadra kuupata. Fundi huuchomoa kwenye redio kaseti nyingine iliyokufa, huifuta mashine kwa spiriti, kisha huunganisha waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye simu na kurekodi upya. Kwa hiyo mwenye redio kaseti mbovu mbili ana matumaini zaidi ya kumsikia tena marehemu kuliko mwenye moja.